Besi ya Kweli Kwenye Chumba cha Kumiksi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya maprodyuza na mafundi mitambo wanaomiksi nyumbani, wengi wao katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi: kuta za tofali, sakafu ya saruji, juu jipsamu au bati tupu. Malalamiko yanafanana. Wimbo unanoga chumbani, lakini ukifika kwenye gari au kwenye spika za ukumbini besi imezidi au haipo kabisa. Majibu yamefuata mpangilio wa kazi yenyewe, kwa hiyo anayeanza asome kutoka juu. Hesabu zote zimetumia mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa hewa yenye joto la nyuzi 20. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam sauti hukimbia zaidi kidogo, ila tofauti hiyo haibadilishi uamuzi wowote hapa chini.

Nimenunua spika nzuri za studio. Mbona besi bado inanidanganya?

Kwa sababu katika chumba kidogo, chini ya 250 Hz hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), unakisikia chumba kuliko unavyozisikia spika. Wimbi la sauti ya 1,000 Hz lina urefu wa sentimita 34 tu. La 50 Hz linakaribia mita 7. Wimbi la mita 7 likiwa ndani ya chumba cha mita 3 linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja, na hayo mawili ama yanajumlishana ama yanafutana kutegemea kichwa chako kiko wapi. Spika iliyotoka kiwandani ikiwa na tofauti ya desibeli mbili au tatu kati ya noti na noti inaweza kukufikia masikioni ikiwa na tofauti ya desibeli 20. Ukimiksi juu ya uongo huo, utapunguza besi ambayo haijazidi na kuongeza ambayo haijapungua.

Hiyo 250 Hz ina hesabu yake. Mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder alionyesha jinsi ya kuupata mpaka: chukua muda wa mwangwi wa chumba kwa sekunde, gawanya kwa ujazo wake kwa mita za ujazo, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2,000. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 25. Mwangwi wake ukiwa sekunde 0.4, jibu ni karibu 250 Hz. Juu ya hapo spika ndiyo yenye usemi mkubwa. Chini ya hapo, chumba.

Kwa hiyo anayeniuliza abadilishe spika au atengeneze chumba namjibu bila kusita: chumba kwanza.

Kwa nini noti ya A kwenye gitaa la besi inavuma kwangu kuliko noti nyingine zote?

Pima chumba chako. Kikiwa mita 3.05, yaani futi kumi, gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu huo. Utapata 56 Hz. Uzi wa A wa gitaa la besi ukiachwa wazi unatoa 55 Hz. Chumba chako kina noti yake, na noti hiyo imeangukia palepale pa uzi wa A.

Kila kipimo cha chumba kina noti ya namna hii, pamoja na zile zinazoifuata kwa kuzidisha: 56, kisha 112, kisha 169. Chumba cha mstatili angalau hugawa matatizo yake, urefu ukiwa na noti zake na upana zake. Chumba cha mraba hurundika noti za urefu na za upana mahali pamoja. Dari nayo ikiwa na mita 3, noti yake ni 57 Hz, na hapo pande zote tatu zinavuta upande mmoja. Umbo la sanduku lenye pande sawa ndilo gumu kuliko yote kwa kazi hii. Kama nyumba ina chumba kingine kirefu kuliko kipana, hamia huko kabla hujatumia hata shilingi moja.

Noti ya chumba haisikiki sawa kila mahali. Inavimba kwenye kuta, inavimba zaidi kwenye kona, na katikati ya chumba inatoweka. Ukiona A inavuma, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiti chako kimeegemea ukuta wa nyuma. Mpigaji hana kosa, na kuipunguza A kwa ekwalaiza ndani ya wimbo ni kumwadhibu kwa kosa la tofali. Besi za benga na za rumba ya Kongo huzunguka noti nyingi katika kila mzunguko, na hapo ndipo madhara yanaonekana wazi: noti moja inaruka, inayofuata inazama, na msikilizaji anadhani kijana hajui kupiga.

Sasa kiti nikiweke wapi?

Anzia asilimia 38 ya urefu wa chumba ukipima kutoka ukuta wa mbele, ule ulio nyuma ya spika. Kwenye chumba cha mita 3.05 ni mita 1.16. Kushoto na kulia uwe katikati kabisa, ili kuta za pembeni ziwe na umbali sawa.

Asilimia 38 ni mahali pa kuanzia tu. Imechaguliwa kwa sababu inakuepusha na sehemu mbaya zaidi, ambazo ni ukutani na katikati. Ukikaa katikati kabisa ya urefu, 56 Hz inapotea na 112 Hz inavimba, kwa hiyo utaongeza chini na kukata juu yake, kinyume na inavyotakiwa. Ukishakaa, sogea mbele na nyuma sentimita kumi kumi huku ukisikiliza au ukipima. Watu wengi hawaamini sentimita ishirini zinaweza kuibadilisha besi kuliko spika mpya, mpaka wazijaribu.

Spika ziwe mbali na ukuta, kama wanavyosema kwenye vitabu vya maelekezo?

Katika chumba kikubwa, ndiyo. Katika cha futi kumi, hapana, na ushauri huu unaponakiliwa bila kutazama vipimo vya chumba huleta hasara.

Besi haielekei mbele tu. Inatoka pande zote za spika, inaufikia ukuta ulio nyuma yake na kurudi. Umbali kati ya koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, na ukuta ukiwa robo ya urefu wa wimbi, sauti inayorudi inakutana na inayotoka ikiwa kinyume nayo, na zinafutana. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani, shimo linaangukia 86 Hz, katikati ya mwili wa besi. Ikiwa sentimita 70, ni 122 Hz. Ikiwa sentimita 34, shimo linapanda hadi 250 Hz, na hapo paneli nene inaweza kulipunguza. Hakuna paneli ya kawaida inayoweza kuliondoa shimo la 86 Hz.

Basi sogeza spika ukutani kadiri inavyowezekana. Zile zenye tundu la hewa nyuma ziachie sentimita kumi hivi za kupumua. Ukaribu na ukuta utaongeza besi kwa ujumla, na hiyo ndiyo kazi ya vile vitufe vya nyuma ya spika. Yamaha HS5, kwa mfano, ina swichi ya chumba inayopunguza kila kilicho chini ya 500 Hz kwa desibeli 2 au 4. Besi iliyozidi kwa usawa unaweza kuishusha. Besi yenye shimo huwezi kulijaza.

Spika mbili na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa, karibu mita moja kila upande, na tweta, yaani vipaza vidogo vya sauti za juu, zilingane na masikio. Zisiwekwe kwenye kona, na moja isiwe karibu na ukuta wa pembeni kuliko mwenzake. Kabati la nguo likiwa kulia na dirisha kushoto, picha ya besi itapinda hata kama vipimo vya meza ni sawa.

Trei za mayai zinasaidia?

Hapana. Ni karatasi nyembamba. Zinatawanya kidogo sauti za juu, na besi inapita kana kwamba hakuna kitu. Zaidi ya hapo zinashika moto haraka, na ziko kwenye chumba chenye nyaya na eksitensheni.

Sponji nyembamba za sentimita 2.5 au 5 zinazobandikwa ukuta mzima ni hatari ya aina nyingine, kwa sababu zinaonekana za kitaalamu. Zinameza sauti za juu, zinaiacha besi ilivyo, na chumba kinakuwa kizito kuliko kilivyokuwa kitupu. Anayemiksi humo huongeza ukali wa sauti na kupunguza besi. Wimbo ukitoka nje unachoma masikio na hauna miguu.

Niweke nini, basi?

Unene. Neno hilo moja lina thamani kuliko majina yote ya bidhaa. Kitu chenye vinyweleo kinazuia sauti pale hewa inapokwenda kasi, na kwa besi hewa iliyogusana na ukuta karibu imesimama. Kasi yake ni kubwa robo ya wimbi kutoka ukutani, ambayo kwa 100 Hz ni sentimita 86. Hakuna anayejenga paneli ya sentimita 86 nyumbani, lakini hesabu hiyo inakuonyesha kwa nini sentimita 5 zilizobandikwa ukutani hazifanyi lolote kwa besi, na kwa nini sentimita 15 zilizoachiwa nafasi ya hewa ya sentimita 10 au 15 nyuma yake zinafanya.

Nyenzo inayofanya kazi vizuri ni sufi ya mawe, ile wanayoiita roki wuli, au faiba glasi ya vibao. Hutumika kuzuia joto kwenye oveni, mabomba ya mvuke na kuta za majengo, kwa hiyo waulize wauzaji wa vifaa vya kuzuia joto kabla ya kwenda kwa wauzaji wa vyombo vya muziki, ambako bei huwa nyingine. Uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo unafaa kwa paneli za sentimita 10 hadi 15. Paneli ikiwa nene kuliko sentimita 20, nyepesi ni bora kuliko nzito. Fremu ya mbao za kawaida inatosha. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa: kikaribishe mdomoni upulize, pumzi ikipita kinafaa, na kitenge chepesi kinapita mtihani huo. Usitumie ngozi bandia. Vaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu wakati wa kukata, kwa sababu nyuzi zake zinawasha ngozi na kuumiza mapafu.

Mpangilio wangu kwa chumba cha futi kumi, kwa anayejenga kidogo kidogo:

Kona nne za wima kwanza. Paneli ya upana wa sentimita 60 ikisimamishwa kuikatiza kona, katikati yake inaacha nafasi ya sentimita 30 nyuma, na nafasi hiyo ni bure. Ikifika darini ni bora zaidi.

Kisha ukuta wa nyuma, kwa paneli nene kuliko zote. Kichwa chako kiko mita 1.9 kutoka huko, na sauti inayorudi inafuta karibu 45 Hz na 136 Hz. Hapa watu hubana matumizi, ilhali hapa ndipo panapolipa.

Kisha ukuta wa mbele nyuma ya spika, pembeni mahali sauti inapogonga kabla ya kukufikia, na juu ya kichwa chako.

Kwa pwani kuna jambo la ziada: unyevunyevu. Usibandike paneli ikagusana na ukuta unaotoa maji. Acha hewa ipite nyuma, la sivyo ukungu utaota na harufu yake itakufukuza wewe kabla ya besi.

Sina pesa za roki wuli. Godoro litafaa?

Godoro la sponji lenye unene wa sentimita 20, likisimamishwa kwenye kona, linasaidia kiasi. Kitanda chenye godoro nene ndani ya chumba nacho kinasaidia, ndiyo maana chumba cha kulala mara nyingi hupimwa vizuri kuliko sebule tupu yenye vigae. Kabati wazi lililojaa nguo, vivyo hivyo. Godoro la springi lina kazi ndogo zaidi. Usitarajie miujiza hapa, ila kati ya kona tupu na kona yenye godoro, chagua godoro.

Nitajuaje chumba changu kina matatizo wapi bila maiki ya kupimia?

Fungua programu yako ya kurekodia, weka sinthesaiza inayotoa wimbi laini lisilo na nakshi, na uandike noti zote moja baada ya nyingine kutoka E ya chini kabisa ya gitaa la besi, 41 Hz, hadi E ya 165 Hz. Kila noti iwe na nguvu sawa na sekunde moja. Kaa kwenye kiti chako na usikilize.

Noti za chini kabisa zitafifia taratibu. Hilo ni la kawaida, kwa sababu sikio na spika zote mbili hupungukiwa huko. Unachotafuta ni mruko wa ghafla: noti inayojaza chumba na jirani yake isiyosikika. Andika majina yao kwenye karatasi. Kisha rudia ukiwa umesogea sentimita 30 mbele, halafu nyuma. Noti zikibadilishana tabia, umeshajua kwamba faili halina kosa.

Simu isikupe kiburi katika hili. Maiki za simu nyingi zimepunguziwa besi kwa makusudi ili maongezi yasikike, kwa hiyo inaweza kulinganisha kabla na baada mahali pamoja, lakini haiwezi kukupa picha ya kweli.

Na nikiwa na maiki?

Room EQ Wizard, inayojulikana kwa kifupi REW, ni programu ya John Mulcahy inayopakuliwa bure. Maiki ya miniDSP UMIK-1 inachomekwa USB na ina faili lake la usahihishaji. Behringer ECM8000 ni ya bei nafuu, ila inahitaji kadi ya sauti yenye volti 48.

Zima feni na kiyoyozi. Weka maiki pale kilipo kichwa chako, nawe uondoke kwenye kiti. Pima spika ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake, halafu zote mbili. Ukitazama grafu, usiilainishe kwa besi. Watu hulainisha kwa theluthi moja ya oktavu, mashimo yote yanajificha, na picha nzuri inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Tazama pia grafu ya jinsi sauti inavyokufa. Chumba kinaweza kuwa na mstari ulionyooka na bado kikaacha noti moja ikining'inia baada ya nyingine kunyamaza. Mimi hutazama grafu hiyo kabla ya ile ya kwanza, na sababu yake iko katika swali linalofuata.

Natengeneza singeli. Kiki zangu, yaani mapigo ya ngoma ya besi, zinagandana, sijui moja inaishia wapi. Ni kompresa?

Inaweza kuwa chumba. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, nafasi kati ya pigo na pigo ni robo sekunde. Chumba cha tofali kisicho na kitu kinaweza kuivumisha noti yake kwa zaidi ya nusu sekunde. Kiki ya tatu inapopigwa, mvumo wa ya kwanza bado uko hewani. Hapo fundi anazidi kukata mkia wa kiki mpaka inakuwa kijiti kikavu, na kwenye spika za uwanjani haina uzito.

Muziki wa polepole husamehe jambo hili, singeli haisamehe. Kwa hiyo prodyuza wa singeli anahitaji paneli za kona kuliko hata wa Bongo Fleva. Lengo la chumba kidogo ni noti za besi zife ndani ya milisekunde 300 hivi, na kwa aina hii ya muziki, zikifa mapema zaidi ni heri. Ekwalaiza inaweza kuushusha mlima mmoja, lakini kuumaliza mvumo wa chumba kizima ni kazi ya unene.

Kuna mfano mzuri katika historia. Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 na kusimamishwa kutengenezwa mwaka 2001, ilikuwa na besi chache, na bado ilikaa juu ya meza za studio kubwa duniani kwa miongo. Sababu mojawapo ni kwamba kisanduku chake kimefungwa bila tundu la hewa, kwa hiyo sauti yake ya chini ilianza na kuisha kwa wakati. Besi kidogo inayosema ukweli kuhusu muda ilifaa kuliko nyingi inayochelewa.

Programu za kurekebisha chumba, kama SoundID Reference au Dirac, haziwezi kumaliza yote haya?

Zinasaidia mwishoni. Kushusha mlima wa noti ya chumba zinaweza, na zinafanya vizuri. Kujaza shimo haziwezi. Shimo limetokana na mawimbi mawili kufutana. Ukiongeza la kwanza, linalorudi nalo linaongezeka, na bado yanafutana. Kinachobadilika ni mzigo: kuongeza desibeli 10 ni kudai nguvu mara kumi kutoka kwa amplifaya na koni ndogo ya inchi 5. Utasikia inakoroma kabla hujasikia shimo limejaa.

Ukishaweka paneli na kuchagua kiti, tumia programu kushusha vilele vilivyobaki chini ya 200 Hz, na uiwekee mpaka isiongeze zaidi ya desibeli 3. Ukumbuke pia kuizima unapotoa faili la mwisho, kama imewekwa ndani ya mradi. Nyimbo nyingi zimekwenda kwa wateja zikiwa na marekebisho ya chumba cha fundi ndani yake.

Spika za inchi 5 zinatosha, au nichukue za inchi 8?

Tazama karatasi ya vipimo, na utafute mahali sauti inaposhuka kwa desibeli 3, usiishie kwenye ile namba ya desibeli 10 inayoandikwa kwa herufi kubwa. HS5 inafika 54 Hz kwa desibeli 10, lakini kwa desibeli 3 ni 74 Hz. HS8 ni 38 na 47. Kwa hiyo E ya chini ya 41 Hz kwenye spika ya inchi 5 huisikii yenyewe. Unasikia 82 na 123 zinazoambatana nayo, na ubongo unajaza kilichokosekana. Hilo si baya kabisa, maana ndivyo wasikilizaji wa simu wanavyoisikia pia.

Katika chumba cha futi kumi kisicho na paneli, inchi 8 zitaamsha matatizo ambayo inchi 5 zilikuwa hazijayagusa. Mimi ningechukua za inchi 5 au 6.5, tofauti ya bei iende kwenye kona.

Vipi kuhusu sabufa?

Ikiwekwa kwa kupimwa, ni msaada mkubwa, kwa sababu unaweza kuiweka mahali panapofaa besi na kuziacha spika mahali panapofaa picha ya stirio. Ikiwekwa kwenye kona kwa ajili ya mtikisiko, ni adui.

Njia ya kale inafanya kazi: weka sabufa juu ya kiti chako, piga zile noti za wimbi laini, kisha utambae sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Mahali noti zote zinaposikika karibu sawa, hapo ndipo sabufa ikae, nawe urudi kitini. Sauti inasafiri vilevile kutoka huku kwenda kule na kutoka kule kuja huku. Gawanya kazi kwenye 80 Hz, chini yake sabufa na juu yake spika, halafu jaribu swichi ya feizi, ile inayoligeuza wimbi la sabufa, pande zote mbili na uache ule upande unaotoa besi nyingi zaidi pale kwenye 80 Hz. Kisha punguza sauti ya sabufa. Sabufa iliyowekwa sawa huitambui ipo mpaka uizime.

Si nimiksi kwa hedifoni tu, niachane na chumba?

Hedifoni hazina kuta, na kwa kukagua noti moja moja za besi zinakishinda chumba kibovu mara zote. Fanya hivyo bila aibu. Ila hazikupigi kifuani, na hutoa hukumu mbaya kuhusu uzito wa kiki dhidi ya sauti ya mwimbaji. Hedifoni zilizo wazi nyuma, kama Sennheiser HD 600, hufifia zikishuka chini kabisa, na nyingi za kufunga masikio zimeongezwa besi ili ziuzike. Zizoee kwa nyimbo unazozijua kwa moyo. Kisha sikiliza kazi yako kwenye simu, kwenye gari, kwenye spika ya bluututhi, na kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa sauti moja, kwa sababu besi yenye upande wa kushoto na kulia unaopingana hutoweka ikichezwa kwenye spika moja.

Nimiksi kwa sauti kubwa kiasi gani?

Chumba cha ukubwa huu kinafaa kati ya desibeli 73 na 76, kifaa cha kupimia sauti kikiwa kimewekwa kwenye mpangilio wa C, kwani ule wa A hupuuza besi. Ni sauti ambayo unaweza kuongea na mtu bila kupaza. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi kadiri sauti inavyoshuka. Fundi anayemiksi usiku kwa sauti ya chini kwa ajili ya majirani ataongeza besi, na asubuhi itakuwa imezidi. Chagua kiwango kimoja, weka alama kwenye kitufe, na wimbo wa kulinganishia uushushe ufikie kiwango hichohicho kabla hujautumia kama kipimo.

Paneli hizi zitazuia besi isiende kwa jirani?

Hapana. Zinasafisha sauti ya ndani. Kuzuia sauti isitoke kunataka uzito na kuziba kila upenyo, kazi ya ujenzi. Ukuta wa tofali unaizuia besi na kukurudishia. Jipsamu na bati zinaiachia itoke, ndiyo maana chumba chenye dari nyepesi husikika safi kidogo ndani na jirani hulalamika zaidi.

Kuna mngurumo wa chini hata wimbo usipocheza. Ni chumba?

Hapana, ni umeme. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa 50 Hz, na mngurumo huo unasikika kwenye 50 na 100. Mara nyingi kompyuta na spika zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti na ardhi zao zinagombana. Vichomeke kwenye eksitensheni moja yenye waya wa ardhi na utumie kebo za XLR au TRS zenye nyaya tatu. Usikate waya wa ardhi, hata fundi akikuambia ni dawa. Unaua kelele na unaweza kumuua mtu.

Joto ni kali, siwezi kufunga dirisha. Nifanyeje?

Miksi dirisha likiwa wazi, na upime likiwa wazi. Dirisha au mlango ulio wazi unaitoa besi nje na hubadilisha noti za chumba, wakati mwingine kwa faida. Kibaya ni kupima kimefungwa na kumiksi kimefunguliwa.

Mwenye nyumba hataki matundu ukutani, na huenda nikahama mwakani.

Jenga paneli zenye miguu. Fremu ya sentimita 60 kwa 120, kina cha sentimita 15, na mbao mbili chini za kuisimamisha. Miguu ikitokeza nyuma sentimita 10, imekupa na ile nafasi ya hewa. Kwa chumba cha futi kumi, anza na sita: mbili kona za nyuma, mbili ukuta wa nyuma, mbili kona za mbele. Zinapita mlangoni na kupandishwa kwenye kirikuu. Ukifika chumba kipya, pima urefu, piga upya hesabu ya noti zake, kisha tafuta kiti kabla ya kupanga chochote kingine.